Sikio halina piesi ya kubadilisha



Saa ya kubadilisha zamu, simameni karibu na mulango mukubwa wa kazi na muangalie vijana wanavyotoka. Zamani mutumishi alitoka na kaske kichwani na mufuko wa chakula mukononi. Siku hizi kuna kitu cha tatu: visikilizio ndani ya masikio. Wengine wanavitia hata mbele ya kuvua buti. Ukiwasalimia, hawaitikii. Wazee wanasema ni kiburi. Hapana, si kiburi. Hawasikii.

Siandiki haya kama muzee anayechukia vitu vya vijana. Mimi mwenyewe ninatumia visikilizio hivi, vile vidogo vya kutia ndani ya tundu la sikio, ambavyo wengi tunaviita ekutere. Ni miaka saba sasa. Ninajua utamu wake, na ninajua bei yake. Bei ninayosema si ile ya sokoni.

Kazi yangu ni fundi wa mitambo katika nyumba ya kusaga mawe ya madini. Wale waliofika kule wanajua: mapipa makubwa ya chuma yanazunguka usiku na muchana, ndani yake kuna mipira ya chuma inayoponda mawe. Mutu akitaka kusema na mwenzake, anatia mudomo karibu na sikio lake na kupiga kelele. Nimefanya kazi kule miaka mingi mbele ya kununua visikilizio vyangu vya kwanza. Neno hili mulikumbuke, maana tutalirudilia.

UTAMU WAKE

Nyumba yetu ni ya vyumba viwili na sebule. Mutumishi wa zamu ya usiku analala muchana, wakati watoto wanacheza, jirani anatwanga sombe, na mawewa wanapita na pikipiki zao. Visikilizio vilinisaidia. Usiku nao, nikiwa mapumzikoni, niliweza kusikiliza habari na muziki bila kuamusha mama watoto. Hakuna ugomvi wa redio tena. Kwa hiyo ninasema wazi: ni kitu kizuri.

Vya kwanza vilikuwa vya uzi, vya bei ndogo. Havikumaliza miezi mine. Uzi ulikatika pale unapoingia katika telefoni, kama zinavyokatika karibu zote. Vya pili nilivichunga vizuri: sikuvifunga kwa nguvu, sikuviacha katika mufuko wa suruali ya kazi, na vilidumu zaidi ya miaka mitatu. Vya tatu ni vya sasa, visivyo na uzi. Hivi navyo vina ugonjwa wao: betri inazeeka. Mwanzoni zilikaa muda murefu; leo ya kushoto inakufa mbele ya ya kulia.

Muziki ninaoupenda ni gitaa ya kwetu ya zamani. Ninyi wa Likasi munamujua Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake Masanga uliorekodiwa kule mwaka 1952, wakati muji ungali unaitwa Jadotville. Alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada, lakini ukisikiliza utafikiri ni watu wawili. Katika redio kubwa sauti zote zinachanganyika. Katika visikilizio nilisikia kila kidole mahali pake: nyuzi nene zikitembea chini, nyuzi nyembamba zikijibu juu, na hata kucha ikigusa uzi. Ile sauti ya kucha ndiyo niliyoipenda kuliko yote.

NAMNA NILIVYOTAMBUA UBAYA

Siku moja, miaka miwili iliyopita, sauti ya kucha ilipotea upande wa kushoto. Kulia ilikuwako; kushoto gitaa ilisikika kama mutu anapiga nyuma ya blanketi. Nikasema, ni vumbi. Maana vumbi ya kwetu inaingia kila mahali, na pamoja na nta ya sikio inaziba kile kichungio kidogo cha mbele. Nikakisafisha kwa burashi laini iliyo kavu. Kidogo tu ilibadilika. Nikaongeza sauti. Kiisha nikaongeza tena.

Halafu nilikumbuka kazi yangu. Fundi hatupi mashini mbele ya kujua ni piesi gani imeharibika. Anabadilisha: piesi ya kulia anaitia kushoto, ya kushoto anaitia kulia. Ubaya ukihama pamoja na piesi, piesi ndiyo mbaya. Ubaya ukibaki mahali pake, tafuta pengine.

Nikageuza visikilizio. Kile cha kulia, kilicho kizima, nikakitia kushoto. Ubaya haukuhama.

Nilikaa kimya juu ya kitanda. Kidude kilikuwa kizima. Kilichoharibika ni sikio.

Kwa kweli mama watoto alikuwa ameona mbele yangu. Siku moja aliuliza kutoka jikoni: «Sabuni iko wapi?» Mimi nikasikia: «Taabu iko wapi?» Nikajibu: «Hakuna taabu, mama.» Watoto walicheka sana. Hata mimi nilicheka. Lakini kicheko kile kilikuwa kengele, na mimi sikuisikia.

Nilikwenda kwa munganga. Alinitia katika chumba kidogo kisichopitisha makelele, akaniambia niinue mukono kila mara nikisikia mulio. Kiisha akanionyesha karatasi yenye mistari miwili, mumoja wa kila sikio. Mistari yote miwili ilishuka karibu na alama ya 4000, lakini wa kushoto ulishuka kama gari linaloanguka katika shimo. Akasema: «Alama hii ndiyo mahali ambapo makelele yanapiga kwanza. Huko ndiko zinakaa sauti nyembamba: s, f, t, sh. Ndiyo sababu unasikia kama watu wanasema, lakini husikii wanasema nini.»

Akaniuliza: «Kwa nini kushoto kuliko kulia?» Hapo nilipata haya. Maana kazini, wakati shefu alipokuwa mbali, nilikuwa nikitia kisikilizio kimoja chini ya kaske. Kimoja tu, cha kushoto, ili sikio la kulia libaki la kusikia watu. Nilifikiri nina akili.

MUFUKO NI MUMOJA

Munganga hakuniambia kwamba visikilizio peke yake vimeniharibu. Wala hakusema ni mashini peke yake. Alisema neno ambalo ningependa kila jamaa katika kambi ilisikie: sikio lina mufuko mumoja tu wa kupokea makelele. Haliulizi kama makelele ni ya kazi au ni ya furaha. Linahesabu nguvu na saa, basi.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojipinda kama konokono. Ndani yake mumepangwa seli zenye nywele ndogo sana, karibu 15.000 kwa kila sikio. Ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka katika ubongo. Makelele makubwa yanazilaza kama upepo unavyolaza majani. Ukizipa kimya, nyingi zinasimama tena. Ukizipiga kila siku bila mapumziko, zinakufa. Na katika mutu, zikikufa hazioti tena. Katika miaka ya 1980 wataalamu walitambua kwamba kuku anaotesha zake upya. Kuku wa nyuma ya nyumba anaweza. Mimi na wewe hatuwezi. Hakuna magazini inayotunza piesi hiyo.

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Tangu mwaka 1998 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya ya kazi, NIOSH, inafuata hesabu hii kwa mutu asiyejikinga:

Desibeli 85: saa 8 kwa siku.
Desibeli 88: saa 4.
Desibeli 91: saa 2.
Desibeli 94: saa 1.
Desibeli 97: dakika 30.
Desibeli 100: dakika 15.

Muangalie vizuri: kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Karibu na mashini ya kusaga, sauti inapita 90. Mashini ya kutoboa mawe chini ya ardhi inaweza kupita 110. Na visikilizio vyako, ukivifungua hata mwisho, vinaweza kufika 100 na zaidi. Basi hesabu mwenyewe. Mutumishi asiyevaa vizibo vizuri anajaza mufuko wake mbele ya saa ya chakula. Jioni anarudi nyumbani, na muziki unamwagika juu ya mufuko uliojaa.

Kwa muziki, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitoa kipimo mwaka 2019: mutu muzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 katika juma zima, mutoto, desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Katika mwaka 2021 shirika hilo lilisema kwamba vijana zaidi ya miliari moja duniani wako katika hatari ya kuharibu masikio kwa namna wanavyosikiliza. Hao wengi hawajaona mugodi hata siku moja. Je, kijana wetu anayepigwa na mashini saa 8, kiisha anaongeza muziki?

KISIKILIZIO SI KIZIBO

Kuna wanaosema: «Mimi kazini ninatia visikilizio kwa kujikinga. Vinaziba tundu, na makelele hayaingii.» Nilisema hivyo mimi pia. Ni uongo mutamu.

Kweli, kile kipira laini kinazuia makelele kidogo. Lakini unapotaka kusikia muziki mahali pa makelele, unafanya nini? Unaongeza sauti ya muziki hata ipite makelele yanayobaki. Kizibo kinaondoa, kisikilizio kinaondoa kidogo kwa mukono mumoja, na kuongeza kwa mukono mwingine, tena karibu kabisa na ngoma ya sikio.

Wengine wanasema: «Muziki unafukuza usingizi, hasa zamu ya usiku.» Ninawajibu kwa habari yangu mwenyewe. Usiku mumoja nilikuwa ninatembea katika barabara ya magari ya mawe, kisikilizio katika sikio la kushoto. Gari kubwa lilikuwa likirudi kinyumenyume, upande ule ule wa kushoto. Lilikuwa likipiga mulio wake wa kuonya, na wote waliokuwa pale waliusikia isipokuwa mimi. Mwenzangu alinishika kola na kunivuta. Gari likapita mahali nilipokuwa nimesimama. Dereva hakuniona hata kidogo. Muziki ulikuwa ungali unaendelea.

Usingizi ni adui, ndiyo. Lakini dawa yake ni kulala vizuri muchana, kunywa maji, na kumwambia shefu kwamba umechoka. Mutu asiyesikia mulio wa gari, sirene ya mine, au sauti ya jiwe linalopasuka juu ya kichwa chake, hana faida ya kuwa macho. Chini ya ardhi tunaona kidogo. Sikio ndilo jicho la pili. Mutu akiziba jicho lake mwenyewe, nani atamuongoza?

NENO KWA WAKUBWA WA KAZI

Sasa niseme na upande wa pili, maana haki inataka hivyo. Kubandika karatasi mulangoni yenye maneno «Visikilizio ni marufuku» ni vizuri, lakini haitoshi. Mutumishi anayekatazwa muziki na kuachiwa makelele ameponywa nusu tu.

Kazi ya kwanza ni kupunguza makelele pale yanapotoka: kufunika mashini, kutia mipira mahali ambapo chuma kinapiga chuma, kufunga bati zinazotetemeka, kuwapa wachungaji wa mitambo chumba kilichofungwa vizuri. Kazi ya pili ni kutoa vizibo vya ukubwa mbalimbali, maana matundu ya masikio hayafanani, na kizibo kinachoumiza kinaishia mufukoni. Kazi ya tatu ni kupima masikio ya watumishi kila mwaka, na kueleza ile karatasi kwa lugha mutumishi anayoielewa. Karatasi inayolala katika sanduku la ofisi haimuponyi mutu. Mimi kama ningalionyeshwa mustari wangu mwaka ule ulioanza kushuka, labda ningaliacha ujinga mbele ya kupoteza kucha ya gitaa.

MASHAURI KWA JAMAA

Sisemi mutupe visikilizio. Mimi sijavitupa. Lakini fuateni haya:

1. Kazini, barabarani, juu ya pikipiki, karibu na reli: hapana. Hata kimoja, hapana.

2. Mukitoka katika makelele, mupatie masikio kimya kwanza. Jioni ya siku ya kazi kubwa ni ya mazungumuzo na watoto, si ya muziki katika masikio.

3. Muweke sauti mukiwa mahali pa kimya, isipite sehemu 6 kwa 10 za nguvu ya telefoni, kiisha musiiongeze tena. Telefoni nyingi zina mahali pa kufungia mwisho wa sauti. Mukienda mahali pa makelele, zimeni, musishindane nayo.

4. Kisha saa moja, vitoeni na mupumzike. Na musilale navyo.

5. Watoto: sauti ndogo kuliko yenu, na muda mufupi kuliko wenu. Kama wewe uliyekaa karibu naye unasikia wimbo unaotoka katika visikilizio vyake, umekwisha kupita kipimo.

6. Usafi: mupanguse vile vipira laini kwa maji kidogo na sabuni, vikauke kabisa mbele ya kuvirudisha. Musiazimane. Sikio likiuma au kutoa maji, musitie kitu ndani, muende kwa munganga.

7. Kizibo cha povu: osha mikono, kisokote kiwe chembamba, pitisha mukono mwingine nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu, kitie, ukishike kwa kidole kwa nusu dakika hata kivimbe. Kikikaa vizuri, sauti yako mwenyewe inasikika nene kama unasema ndani ya pipa.

Na kuna kipimo cha bure ambacho kila nyumba inaweza kufanya. Asubui mbele ya kwenda kazini, uweke redio katika sauti ndogo sana, ile ambayo unaelewa maneno kwa shida kidogo. Musiiguse. Ukirudi kutoka kazini, ifungue tena. Kama maneno hayasikiki tena, masikio yako yalipigwa siku hiyo. Kesho asubui yatarudi, na utasema: si kitu. Lakini siku moja hayatarudi yote. Ukisikia mulio wa nyenje ndani ya kichwa usiku, na inje hakuna nyenje, usingoje siku hiyo.

Bibi zetu, ninyi munatambua mbele yetu. Mume anayesema «Nini?» mara tatu, anayeongeza redio kila jioni, anayekasirika kwamba watu wanasema chini chini, musigombane naye. Mumupeleke apimwe.

Mimi leo ninasikiliza gitaa nusu saa, siku za mapumziko, sauti ndogo. Kulia ningali ninasikia kucha ikigusa uzi. Kushoto ninasikia nyuzi nene tu. Munganga amesema kilichokwenda hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuchungwa, na ninakichunga kama mutumishi anavyochunga taa yake chini ya ardhi. Kazini ninavaa vizibo kila zamu, na vijana wa kikundi changu wananicheka kidogo. Wacheke. Ninawaambia jambo moja tu: telefoni ikivunjika, siku ya mushahara utanunua nyingine. Kwa sikio, hakuna mushahara unaotosha.

Tuwe na usalama, wandugu, na tusikilizane.

Fundi mumoja wa nyumba ya kusaga mawe